Kutoka Sahani ya Mtoto Hadi Shambani: Mwongozo Kamili wa Darasa la Wakulima Mombasa

Mwongozo huu unawahusu wakulima wadogo wa Mombasa, wawe wa Mwakirunge na Utange, wa Mtongwe na Shika Adabu, au wa Miritini na Jomvu Kuu, wanaotaka kufundishana wenyewe kwa wenyewe kilimo kisichoichosha ardhi, na kuhakikisha kwamba mavuno yake yanafika kinywani mwa watoto wao. Sharti hilo la pili ndilo lenye uzito. Si ajabu kumkuta mkulima aliyevuna mchicha na pojo za kutosha, akavipakia vyote alfajiri kwenda soko la Kongowea, na mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu akabaki nyumbani na chai ya rangi na mkate asubuhi, sima na mchuzi mtupu jioni. Shamba la namna hiyo linaleta fedha, na fedha si kitu cha kudharauliwa, lakini haliwezi kuitwa shamba la lishe mpaka mtoto naye apate fungu lake.

Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka 5 nchini Kenya wamedumaa, na Kilifi, tunayopakana nayo pale darajani Mtwapa, iliongoza kwa asilimia 37. Watu wa Kisauni na wa Kilifi ni jamaa, wanalima mazao yale yale na kupika vyakula vile vile, kwa hiyo hatuna sababu ya kujipa moyo kwamba tatizo ni la ng'ambo ya daraja.

Utaratibu wenyewe wa wakulima kujifunza wakiwa shambani, ambao wengi huuita shamba darasa, ulianza Indonesia mwaka 1989 chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, wakati wakulima wa mpunga walipokuwa wakipiga dawa kupita kiasi na wadudu wakizidi badala ya kupungua. Ulifika Kenya katika miaka ya 1990. Kule Ekwendeni, kaskazini mwa Malawi, wakulima walianza mwaka 2000, wakishirikiana na hospitali ya huko, kupanda mbaazi na njugu kwa pamoja ili kulisha udongo na watoto kwa mpigo mmoja, wakafundishana kwa ziara za nyumba hadi nyumba na kwa siku za mapishi. Mengi yaliyomo humu yanafuata njia hiyo, yakiwa yamekatwa na kushonwa upya ili yafae mchanga na majira ya Pwani.

Hatua ya kwanza: anzeni na sahani

Mafunzo mengi ya kilimo huanza na mbegu. Haya yaanze na sahani ya mtoto, kisha yarudi nyuma mpaka shambani, kwa sababu ni kwa njia hiyo tu kikundi kitajua kinapanda nini na kinampandia nani. Katika mkutano wa kwanza, kila mlezi wa mtoto wa kati ya miezi 6 na 23 aeleze vyote alivyokula mtoto huyo tangu jana asubuhi hadi leo asubuhi, bila kuhukumiwa na bila mtu kuchekwa.

Mwezeshaji atandike mkeka na kupanga juu yake vitu halisi vinavyowakilisha makundi manane ya chakula: maziwa ya mama; nafaka, mihogo, viazi na ndizi za kupika; jamii ya kunde pamoja na njugu na mbegu; maziwa ya ng'ombe au mbuzi; samaki, nyama na kuku; mayai; mboga na matunda yenye vitamini A kwa wingi, kama mchicha, boga, papai na embe lililoiva; na mwisho mboga na matunda mengineyo. Kila mlezi aweke kokoto moja kwenye kila kundi ambalo mtoto wake alilipata. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni kwamba mtoto wa umri huo apate angalau makundi 5 kati ya hayo 8 kwa siku. Kokoto zikishawekwa, kikundi chote kitaona chenyewe mahali ziliporundikana, ambapo kwa kawaida ni kwenye nafaka, na mahali palipobaki patupu. Hakuna hotuba inayofanya kazi hii vizuri zaidi.

Baada ya hapo, chorwe duara kubwa mchangani, ligawanywe miezi 12, na wakongwe waulizwe ni chakula gani huadimika lini. Hapa ndipo ujuzi wa Pwani unapoonekana. Masika huanza kati ya mwisho wa Machi na Aprili, na Mei ndio mwezi wa mvua kubwa. Vuli huja Oktoba hadi Desemba, tena si kila mwaka inapotegemewa. Wakati wa kusi bahari huchafuka, wavuvi wa vyombo vidogo hukaa ufuoni, samaki akawa ghali. Kaskazi ikiingia bahari hutulia na samaki hupatikana, lakini kati ya Januari na Machi jua hukausha mboga za majani mpaka bei ya fungu moja ikapanda maradufu. Kwa hiyo mtoto wa Mombasa ana mapengo mawili katika mwaka yasiyofanana: pengo la samaki, linalopaswa kuzibwa kwa pojo, mbaazi, kunde na mayai, na pengo la mboga, linalopaswa kuzibwa kwa vitanda vichache vinavyomwagiliwa, majani ya mronge, na mapapai. Mpango wa upanzi wa mwaka mzima utokane na duara hilo, nao uandikwe kwenye daftari la kikundi siku hiyo hiyo.

Hatua ya pili: kikundi na wawezeshaji wake

Kikundi cha watu kati ya 20 na 30 kinatosha. Kikizidi hapo, wenye sauti kubwa huongea na wengine huwa watazamaji. Kikiwa na wanachama 10 au zaidi kinaweza kusajiliwa kwa mujibu wa sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya mwaka 2022, na cheti hicho husaidia kufungua akaunti na kuomba huduma za maafisa wa kilimo wa kaunti.

Wawezeshaji wawe wawili, mwanamke na mwanamume, na wachaguliwe na wakulima wenzao kutokana na shamba linaloonekana kwa macho na tabia ya kusikiliza, si kutokana na wingi wa vyeti. Mtu anayejua kusoma na kuandika anahitajika kwa ajili ya daftari, lakini si lazima awe mwezeshaji. Afisa wa kilimo, mhudumu wa afya ya jamii na watafiti wa kituo cha KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, kilichoko Mtwapa waalikwe kama wageni wa siku maalumu, waulizwe maswali, kisha waache darasa liendelee na wenyewe.

Wapo watu wawili ambao darasa la lishe hushindwa bila wao, na mara nyingi ndio wasioalikwa. Wa kwanza ni bibi, ambaye katika nyumba nyingi za Pwani ndiye anayebaki na mtoto mama anapokwenda kibaruani au sokoni, na ambaye neno lake kuhusu uji lina nguvu kuliko bango lolote la zahanati. Kule Ekwendeni kina bibi waliingizwa kwenye mafunzo kwa sababu hiyo hiyo. Wa pili ni baba, ambaye huamua kipande kipi cha shamba kilimwe nini na fedha za mauzo zitumikeje. Msiwaite kina baba kwenye mkutano wa lishe, kwa maana wengi watasema hayo ni mambo ya wanawake. Waiteni kwenye mkutano wa mbolea na maji, na somo la lishe liwe limo ndani yake.

Siku na saa zipangwe kwa kuheshimu maisha ya watu. Ijumaa adhuhuri haifai, na mwezi wa Ramadhani masomo ya mapishi ni bora yasogezwe alasiri, karibu na matayarisho ya futari. Mkutano wa mara moja kwa wiki, wa saa mbili hadi tatu, kwa msimu mzima, ndio mwendo unaozoeleka. Posho ya kuketi isitolewe, hata ikipatikana. Kikundi kilichozoeshwa posho huvunjika wiki ile fedha zinapokatika, ilhali kikundi chenye mchango mdogo wa chama, mbegu za kugawana na shamba la pamoja kina sababu zake chenyewe za kukutana.

Hatua ya tatu: ardhi, udongo na maji

Ardhi ya Mombasa ina mashaka yake, na shamba la darasa lisianze kabla hayajatatuliwa. Mkiazima kipande cha ardhi, yaandikwe makubaliano ya angalau misimu miwili mbele ya mzee wa mtaa, na yataje wazi kwamba mtapanda mimea ya muda mfupi. Pwani mwenye ardhi anaweza kuwa mmoja na mwenye mnazi au mwembe uliomo akawa mwingine, kwa hiyo mche wa kudumu uliopandwa kwenye ardhi ya watu husomwa kama madai ya umiliki, na ugomvi wake huweza kuzidi umri wa kikundi.

Usalama wa udongo unahitaji umakini wa pekee katika mji wa viwanda na gereji. Mtaa wa Owino Uhuru, huko Mikindani, uliathirika kwa sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichofanya kazi kati ya 2007 na 2014, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Risasi huharibu ubongo wa mtoto mdogo, na haionekani wala haina harufu. Kwa hiyo msipande chakula cha mtoto karibu na mahali palipovunjwa betri, palipochomwa nyaya au palipopakwa rangi magari. Mkiwa hamna mahali pengine, pandeni kwenye magunia na madumu yaliyojazwa udongo ulioletwa kutoka mahali safi, na mwoshe mboga kwa maji mengi, kwa kuwa sehemu kubwa ya hatari imo kwenye vumbi. Maji ya mitaro ya majitaka yasimwagiwe mboga za majani hata ukame ukiwa mkali namna gani.

Maji ya visima vingi vya kisiwani na vya kandokando ya bahari yana chumvi. Maharage huumia upesi yakimwagiliwa maji hayo, ilhali spinachi huvumilia zaidi, na mchicha uko katikati. Mwagilieni chini kwenye shina badala ya juu ya majani, na mvua za kwanza zikija ziacheni zisafishe kitanda kabla ya kupanda mazao dhaifu.

Kwa udongo wetu wa kichanga, usioshika maji, kitanda cha kuzama kinafaa kuliko tuta. Chimbeni kina cha sentimita 60 na upana wa mita 1, mpange makumbi ya nazi chini yakitazama juu kama vikombe, unene wa sentimita 20, kisha mrudishe udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi au mboji, mkiacha uso wa kitanda uwe chini ya ardhi kwa sentimita 10 hivi ili maji yabaki humo. Makumbi mabichi yalowekwe kwanza siku kadhaa, au yaachwe yapigwe na mvua, mpaka maji ya rangi ya kahawia yaishe kutoka. Juu ya kitanda tandazeni nyasi kavu, na wakati wa kaskazi wekeni kivuli chepesi cha makuti.

Mboji itengenezwe na darasa zima siku moja: tabaka la mabua na majani makavu, tabaka jembamba la majani mabichi na samadi, majivu kidogo, maji, kisha marudio mpaka urefu wa mita moja na nusu. Ifunikwe kwa makuti na igeuzwe kila baada ya wiki mbili au tatu.

Hatua ya nne: kutazama shamba, wiki baada ya wiki

Huu ndio moyo wa shamba darasa, na ndio unaorukwa zaidi na wawezeshaji wenye haraka ya kufundisha. Shamba la pamoja ligawanywe vipande viwili vinavyolingana. Kimoja kilimwe kama wenyeji walivyozoea, kwa mfano mahindi peke yake, na kingine kilimwe kwa njia inayojaribiwa, kwa mfano mahindi yaliyochanganywa na kunde na kuwekewa mboji na matandazo. Hakuna anayeambiwa kipi ni bora. Vyote viwili vitatazamwa.

Mkutano uanze mapema, kabla jua halijawa kali. Watu watano watano waingie kwenye kila kipande, wachague mimea kumi bila kuipendelea, wahesabu majani, wageuze majani kutazama chini yake, wafinyange udongo kiganjani kuona kama unashikana. Chukulia kikundi kilichosimama kwenye mstari wa kunde wiki ya tano. Mmoja anainua kikonyo cha ua na kukuta vidukari weusi wameshonana mpaka kikonyo hakionekani, sisimizi wanapanda na kushuka, na katikati yao kuna mdudu wa mviringo, mwekundu, mwenye madoa meusi. Mkono wa kwanza unaonyooshwa ni wa kumponda huyo mwekundu, kwa kuwa ndiye anayeonekana. Mwezeshaji mzuri hasemi kitu. Anakata kikonyo hicho pamoja na wadudu wake wote, anakitia kwenye chupa ya kioo, anaifunga kwa kitambaa chepesi na kumpa mwanachama mmoja akaitunze nyumbani. Siku chache baadaye vidukari wamepungua au wamekwisha na yule mwekundu yuko hai. Baada ya hapo hakuna atakayehitaji kufundishwa mara ya pili kwamba dawa kali huua askari pamoja na mwizi.

Yaliyoonekana yachorwe kwenye karatasi kubwa: mmea katikati, wadudu waharibifu upande mmoja, wadudu rafiki upande wa pili, hali ya anga juu, hali ya udongo chini. Kila kundi liwasilishe mchoro wake na kujibu swali moja tu: wiki hii tufanye nini? Jibu laweza kuwa kupalilia, kumwagilia, au kuacha kama kulivyo.

Ikionekana lazima kupiga dawa, mwarobaini uko kila mtaa. Chukueni nusu kilo ya kokwa za mwarobaini zilizokaushwa kivulini na kutwangwa, mziloweke usiku kucha kwenye lita 10 za maji, mchuje kwa kitambaa, mtie sabuni ya kipande kidogo ili dawa ishike majani, na mnyunyize jioni, kwa sababu jua huivunja nguvu yake upesi.

Hatua ya tano: mazao yanayojibu mapengo ya sahani

Rudini kwenye duara la miezi. Pojo hukomaa ndani ya siku 60 hadi 75, hivyo hufaa hata vuli iliyo fupi. Zipandwe kwa nafasi ya sentimita 45 kwa 15. Kunde ina faida mbili, kwa kuwa majani yake huchumwa kuanzia wiki ya tatu au ya nne na punje zake huja baadaye, ingawa anayechuma majani kwa pupa asitegemee punje nyingi. Mbaazi hukaa shambani muda mrefu, huangusha majani yanayorutubisha udongo na hustahimili ukame, na hakuna haja ya kumshawishi mtu wa Mombasa kuzila. Mabaki ya mazao hayo ya jamii ya kunde yafukiwe ardhini, yasichomwe.

Viazi vitamu vya rangi ya machungwa, kama Kabode na Vita, vina vitamini A ambayo vile vyeupe karibu havina, na majani yake, yaani matembele, ni mboga. Katika mihogo, tafuteni vipando vilivyotolewa na KALRO Mtwapa, kama Tajirika, Shibe na Karibuni. Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa vizuri kabla ya kuliwa, kwa kuwa majani mabichi ya mhogo yana sumu inayotoka kwa kutwangwa na kupikwa. Mchicha, mnavu na majani ya maboga yapandwe kidogo kidogo kila wiki mbili badala ya yote kwa siku moja.

Kuku wachache wa kienyeji wanatosha kumpa mtoto yai mara kadhaa kwa wiki. Wachanjwe dhidi ya kideri kila baada ya miezi mitatu, na wafungiwe banda, kwa maana mtoto anayetambaa penye kinyesi cha kuku huugua tumbo na kupoteza kile yai lilichompa.

Mwisho wa hatua hii kila nyumba iamue, mbele ya kikundi, fungu la mtoto ni lipi. Njia inayofanya kazi ni kutaja kitanda, wala si kiasi: kitanda hiki cha mchicha na mistari hii miwili ya pojo haviuzwi. Ahadi ya “tutabakisha kidogo” huyeyuka siku mnunuzi anapofika na fedha taslimu.

Hatua ya sita: jikoni

Angalau mkutano mmoja kati ya minne ufanyike mekoni, na wanaume wapike pia. Mtoto anyonye maziwa ya mama pekee mpaka atimize miezi 6, kisha aanzishiwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Kati ya miezi 6 na 8 ale mara mbili hadi tatu kwa siku, akianza na vijiko viwili vitatu na kufikia nusu kikombe. Kati ya miezi 9 na 11 nusu kikombe mara tatu hadi nne. Na kuanzia mwaka mmoja, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima mara tatu hadi nne, pamoja na kitu cha kutafuna katikati, kama ndizi au kipande cha papai. Kikombe kinachokusudiwa ni cha mililita 250.

Somo la kwanza liwe la uzito wa uji. Mazungumzo ya somo hilo huenda hivi:

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Uji wa mtoto huwa unaufanya mwepesi au mzito?”

“Mwepesi. Ukiwa mzito utamkaba.”

“Basi tuupike wa aina mbili, utuambie wewe upi atashiba nao.”

Vipikwe vyungu viwili, kimoja chepesi na kimoja ambacho uji wake hubaki kwenye kijiko kilichoinamishwa bila kutiririka. Pimeni kiasi cha unga kilichotumika katika kila kikombe mbele ya macho ya wote. Tumbo la mtoto ni dogo, na likijazwa maji halina nafasi ya chakula. Bibi akilisema hilo yeye mwenyewe mbele ya wakaza wanawe, somo limekwisha.

Mlo wa pili uwe wa pojo. Pojo zilolowekwa usiku kucha zichemshwe mpaka zilainike kabisa na zipondwe. Kiazi kitamu cha machungwa kipondwe humo humo. Majani ya mchicha yakatwe membamba na yatiwe dakika za mwisho. Kisha tui zito kidogo, kwa sababu vitamini A huhitaji mafuta ili mwili uipokee. Uduvi ulioshwa mara mbili tatu kutoa mchanga na chumvi, ukakaushwa kikaangoni na kutwangwa, kijiko kimoja chake huongeza alichokosa mtoto wakati samaki ni ghali. Mwisho kamulieni ndimu, ambayo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye pojo na mboga. Chai hufanya kinyume chake, na ndiyo sababu chai ya rangi isipewe mtoto mdogo, hasa pamoja na chakula. Asali nayo isionjeshwe kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja.

Kuhusu ule unga wa uji unaochanganywa nafaka kumi na njugu za kila aina, maoni yangu ni kwamba unasifiwa kupita kiasi. Punje moja ya njugu iliyooza huchafua mfuko mzima, na mtoto akidhurika haijulikani ni kwa kipi. Aina mbili au tatu zilizochambuliwa vizuri ni bora.

Hatua ya saba: kuhifadhi

Hewa ya Pwani ina unyevu, na mahindi au njugu zilizohifadhiwa mbichi huota kuvu wenye sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 nchini, wengi wao Ukambani, na kwa watoto kiasi kidogo cha kila siku kimehusishwa na kudumaa. Kaushieni juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo mtupu. Kupima ukavu bila mashine, tieni punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, mtikise, mwache dakika kumi na tano. Chumvi ikishika kwenye kioo, rudisheni juani. Punje zenye kuvu msizifanye uji, wala msimpe kuku.

Hatua ya nane: kupima mlikofika

Kila miezi mitatu zoezi la kokoto lirudiwe, na idadi ya watoto waliofikisha makundi 5 iandikwe. Pamoja na hilo, mhudumu wa afya ya jamii awafundishe walezi kupima mkono wa mtoto kwa utepe. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali na apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni utapiamlo wa kadiri na pia apelekwe. Mtoto aliyevimba miguu yote miwili asisubiri utepe. Wakati wa Malezi Bora, mwezi wa Mei na wa Novemba, kikundi kiende pamoja kwa ajili ya vitamini A na dawa ya minyoo, kila mmoja na kitabu chake cha mama na mtoto.

Msiwaahidi wazazi kwamba mtoto atarefuka. Katika vijiji vya Singida, Tanzania, ambako wakulima waliochaguliwa na wenzao walifundisha kilimo na lishe kuanzia 2016, watafiti walikuta kwamba vyakula vya watoto viliongezeka aina na upungufu wa chakula nyumbani ulipungua, lakini kimo na uzito havikubadilika. Urefu hutegemea pia maji ya kunywa, choo, maradhi ya kuhara na afya ya mama tangu mimba, na katika mitaa ambako maji hununuliwa kwa mtungi kutoka kwa mkokoteni, somo la kutibu maji na kunawa mikono ni la darasa hili kama lilivyo la mbolea.

Hatua ya tisa: kukabidhi

Msimu wa pili, kila mwanachama achukue nyumba tatu jirani zenye watoto wadogo na kuzitembelea mara mbili kwa mwezi, akianzia shambani kwa mwenyeji na kumalizia jikoni. Wawezeshaji wa kwanza waketi mkekani na wengine waongoze. Mbegu za pojo, kunde na mbaazi zitolewe kwa mkopo: anayepokea kilo moja arudishe kilo mbili baada ya mavuno, zikiwa zimekaushwa, zimechambuliwa na kufaulu kipimo cha chumvi. Deni liandikwe jina, zao na tarehe, na mwisho wa kulipa uwe Agosti kwa mazao ya masika, ili mbegu ziwe zimekwisha kugawanywa upya kabla ya vuli.